Siku Nane Nikimfuata Mchunga Ng'ombe Aliyeimba

Siku ya 1, Jumatatu. London

Muswada wa Beowulf, shairi refu la Kiingereza cha kale, ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nimesimama mbele ya kioo katika Maktaba ya Uingereza mpaka mlinzi akanipitia mara mbili, na nilichokuwa nakitazama ni kurasa za ngozi zenye ukubwa wa daftari la shule, kingo zimeungua na kuwa hudhurungi kama mkate uliosahauliwa jikoni.

Moto huo una tarehe: 23 Oktoba 1731. Mkusanyiko wa vitabu vya Sir Robert Cotton ulikuwa umewekwa katika nyumba iliyoitwa Ashburnham House, hapa hapa London, nyumba ikashika moto usiku. Kitabu hiki kilinusurika. Lakini ngozi iliyokaukia motoni iliendelea kumeguka mwaka hadi mwaka, na kila kipande kilichoanguka kiliondoka na herufi zake. Grímur Thorkelin, msomi mzaliwa wa Iceland, alikuja kukinakili miaka ya 1780, na yako maneno tunayoyajua leo kwa sababu tu yamo ndani ya nakala zake. Mistari 3,182, muswada mmoja duniani, uliandikwa na waandishi wawili yapata mwaka 1000. Ungeungua huu, hata jina Beowulf tusingelisikia.

Babu yangu kule Pangani alikuwa na sanduku la mninga lililojaa tenzi kwa hati za Kiarabu, nyingine za kunakili, nyingine zake mwenyewe. Mchwa waliliingia masika moja kabla sijazaliwa. Bibi ndiye husimulia, na akifika hapo huinamisha macho. Ndiyo maana leo sikuweza kubanduka pale kwenye kioo.

Liko jambo moja la Beowulf ambalo nataka nilishike kwa safari yote. Mwanzoni mwa hadithi, jitu Grendel linakaa kwenye kinamasi gizani, nalo linaumia. Linaloliumiza ni sauti kutoka ukumbi wa mfalme: kinubi kinapigwa, malenga anaimba jinsi Mwenyezi alivyoiumba dunia, uwanda mzuri uliozungukwa na maji, na jinsi alivyoweka jua na mwezi viwaangazie walimwengu. Jitu haliwezi kuustahimili wimbo wa uumbaji. Na wimbo wa uumbaji ndio unaonipeleka Whitby, mji wa pwani alikoimba mchunga ng'ombe aitwaye Cædmon.

Mchana nimekwenda Makumbusho ya Uingereza kuona kijisanduku cha mfupa wa nyangumi kinachoitwa Franks Casket. Kilichongwa kaskazini mwa nchi hii katika karne ya 8. Upande wa mbele, kushoto yuko Weland, mhunzi wa ngano za kipagani, aliyekatwa mishipa ya miguu na mfalme aliyemteka, naye akalipiza kwa kuwaua wana wa mfalme na kutengeneza vikombe kwa mafuvu yao. Kulia kwake, bila ukuta wowote katikati, Mamajusi wanamletea Yesu mtoto zawadi zao. Pembeni mwa picha hizo zimezungushwa herufi za kale ziitwazo runi zenye shairi fupi la nyangumi aliyetupwa ufukweni na bahari, huyo ambaye mfupa wake ndio kisanduku chenyewe. Nimekizunguka mara nyingi. Aliyekichonga hakuona haya kuweka kisasi na neema kwenye ubao mmoja.

Siku ya 2, Jumanne. Sutton Hoo

Treni hadi Melton, kisha kwa miguu kupanda kilima juu ya mto Deben. Vichuguu vya makaburi vimefunikwa nyasi, kondoo kwa mbali, upepo. Mwaka 1939, kiangazi cha mwisho kabla ya vita, Edith Pretty aliyemiliki shamba hili alimwajiri Basil Brown afukue, na ndani ya kichuguu kikubwa kukaonekana alama ya jahazi la mita 27. Mbao zilikuwa zimeoza zote. Yamebaki misumari ya chuma na rangi ya mbao mchangani. Maiti haikuonekana. Kofia ya vita, upanga, dhahabu, sarafu na vipande vya kinubi nimeviona jana makumbusho.

Wengi humtaja Rædwald kuwa ndiye aliyezikwa hapa, mfalme wa Anglia ya Mashariki aliyekufa yapata 624. Mtawa Bede, ambaye bila yeye tungejua kidogo mno habari za enzi hizi, anasimulia kuwa Rædwald alibatizwa Kent, aliporudi nyumbani mkewe na washauri wakamrudisha nyuma, akaishia kuwa na nyumba moja ya ibada yenye madhabahu mbili: moja ya Kristo, na nyingine ndogo ya kuchinjia mizimu. Bede anamlaumu. Mimi, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, sikuweza kumlaumu. Wamisionari wa Papa Gregory walikuwa wamefika Kent mwaka 597 tu. Na Papa huyo huyo aliandika barua mwaka 601 akiagiza mahekalu ya kipagani yasibomolewe: ziondolewe sanamu, kuta zinyunyizwe maji ya baraka, watu waendelee kuja mahali walipozoea. Kama kuta ziliruhusiwa kubaki, vipi maneno?

Siku ya 3, Jumatano. Njiani kwenda kaskazini

Siku nzima treni. Leo kwa Kiingereza ni siku ya Woden, mungu wa Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale. Jana ilikuwa ya Tiw, kesho ni ya Thunor wa ngurumo. Miaka zaidi ya 1,400 ya Ukristo na majina hayo hayajang'oka kwenye kalenda.

Nimetumia safari kujifunza mapigo ya mashairi yao kwa kugonga vidole mezani. Kila mshororo una vipande viwili na kituo katikati. Mshairi hahesabu mizani kama sisi. Anahesabu mikazo, miwili huku na miwili kule. Wala hakuna vina. Kinachofunga kipande cha kwanza na cha pili ni sauti ya mwanzo ya maneno yenye mkazo: *Oft Scyld Scefing / sceaþena þreatum*. Lile *sc* (litamke *sh*) linavuka kituo kama daraja.

Baada ya Darlington nikadhani nimeielewa sababu. Mkazo wao huangukia mwanzo wa neno, basi urembo wa shairi ukakaa mwanzoni. Wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mapambo yetu, vina, yakakaa mwishoni. Tena sauti za mwanzo kwetu hujirudia bila jasho la mtunzi: *vitabu vyangu vidogo viwili vimepotea*. Sarufi imeshatufanyia kazi hiyo, kwa hiyo haiwezi kuwa ufundi. Kila lugha huweka pambo pale ambapo sikio tayari limetegwa.

Wana pia maneno ya kuunganisha: bahari ni *njia ya nyangumi*, mwili ni *nyumba ya mifupa*, mfalme ni *mgawa bangili*. Nusu yake ni sifa, nusu kitendawili.

Kutoka Middlesbrough treni ndogo inafuata bonde la mto Esk. Nimefika Whitby usiku. Nimenusa mwani na samaki, nikalala vizuri.

Siku ya 4, Alhamisi. Whitby

Ngazi ni 199. Nimezihesabu, na wazee wawili wenye fimbo walinipita nikipumzika. Juu kabisa, kando ya Kanisa la Mtakatifu Maria, umesimama msalaba wa mawe wa mwaka 1898 wa kumkumbuka Cædmon. Nyuma yake ni magofu ya abasia, matao matupu yanayotazama bahari. Matao hayo ni ya karne nyingi baadaye. Nyumba ya watawa ninayoitafuta, iliyoanzishwa mwaka 657 na Hild, mwanamke wa ukoo wa kifalme, haikuacha ukuta wa kuugusa.

Hild aliongoza wanaume na wanawake pamoja. Mwaka 664 baraza kubwa lilikaa hapa kwake kuamua Pasaka ihesabiwe kwa desturi ya watawa wa Kiayalandi au ya Roma, na Roma ikashinda. Alifariki mwaka 680. Kati ya mwaka 657 na 680 ndipo kisa chenyewe kinapokaa, na Bede amekisimulia katika historia yake ya kanisa aliyoikamilisha mwaka 731.

Cædmon alikuwa mtumishi wa nyumba ile, mtu mzima, mchunga ng'ombe. Kwenye karamu kinubi kilipitishwa mkono kwa mkono, kila mtu aimbe kwa zamu yake. Kila kilipomkaribia, Cædmon aliinuka katikati ya chakula akaondoka, kwa kuwa hakuwahi kujifunza wimbo hata mmoja. Usiku mmoja alitoka hivyo akaenda zizini, zamu ya kulinda mifugo ilikuwa yake, akalala. Akaja mtu usingizini akamwita kwa jina: Cædmon, niimbie kitu. Akajibu: Sijui kuimba, ndiyo maana nimeikimbia karamu. Yule akasema: Hata hivyo, utaniimbia. Niimbe nini? Imba mwanzo wa viumbe.

Akaimba mistari tisa ambayo hajaisikia kwa mtu. Asubuhi aliikumbuka yote. Alimweleza msimamizi wake, naye akampeleka kwa Hild, wasomi wakamjaribu kwa kumsomea habari za Maandiko, akaenda akalala, akarudi nayo ikiwa shairi. Bede anasema aliyatafuna aliyoyasikia *kama mnyama safi anayecheua*. Ni tashbihi ya mtu aliyewatazama ng'ombe wakicheua, na iko mahali pake kabisa.

Nimeketi ukutani nikafungua nilichokinakili:

*Nu sculon herigean / heofonrices weard,*
*metodes meahte / ond his modgeþanc*

Yaani: sasa na tumsifu Mlinzi wa ufalme wa mbinguni, nguvu za Mkadiriaji na wazo la moyo wake. Nimeandika *Mkadiriaji* nikafuta, nikarudisha. Neno *Metod* lina asili ya kupima na kukadiria. Lilinukia majaaliwa kabla ya kuwa jina la Mungu. Neno jingine katika shairi hilo, *Drihten*, lilikuwa cheo cha bwana wa kundi la wapiganaji, yule anayegawa bangili na ambaye watu wake hufa kwa ajili yake. Cædmon hakukopa Kilatini. Alikwenda kwenye ukumbi ule ule uliomtia aibu, akayachukua maneno yake makubwa, akampa Muumba.

Nilipofika hapo nilisimama, sikuweza kukaa. Sisi tunalo neno *Mungu*, la Kibantu, kongwe kuliko msikiti wowote wa pwani. Uislamu ulipokuja haukulitupa. Bibi zetu wakalisimamisha bega kwa bega na *Mola*, *Rabi* na *Jalali* katika tenzi, na leo hakuna anayehisi mshono. Kila nilipofundisha utenzi darasani nimelipita neno hilo kama kokoto njiani. Imenibidi nije kwenye mwamba wa Whitby, masikio yakiuma kwa baridi, ndipo nilione.

Neno la mwisho la leo: Bede hakuuandika wimbo huo kwa Kiingereza. Alitoa maana yake kwa Kilatini, akakiri kwamba mashairi, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayahamishwi neno kwa neno bila kupoteza uzuri wake. Ni wanakili wake walioongeza Kiingereza chenyewe, katika nakala za mapema kabisa. Ningependa kumshukuru wa kwanza aliyefanya hivyo. Hakuacha jina.

Siku ya 5, Ijumaa. Jarrow na Durham

Nimesali Ijumaa Newcastle, kisha Metro hadi Jarrow. Kanisa la Mtakatifu Paulo bado lina jiwe la uzinduzi lenye tarehe yake, 23 Aprili 685. Bede aliletwa kwa watawa akiwa na miaka 7, na hakutoka tena isipokuwa safari fupi.

Humu ndimo alimoandika kisa cha shomoro. Mwaka 627 mfalme Edwin wa Northumbria aliwauliza wazee wake kama waipokee dini mpya. Mmoja akasema: Ee mfalme, maisha ya mtu naona ni kama pale ulipokaa mezani msimu wa baridi, moto unawaka katikati ya ukumbi, nje tufani ya mvua na theluji, shomoro akaingia mlango huu na kutokea ule. Muda alio ndani tufani haimgusi. Kisha anatoka gizani alikotoka. Kilichotangulia na kinachofuata hatukijui. Kama mafundisho haya yana lolote la kutuambia kuhusu hilo, tuyafuate.

Hakumtishia mfalme wala kumhubiria. Alikiri tu kwamba hajui. Nimewahi kusikia hoja nyingi za dini, na sijapata kusikia iliyo na adabu kuliko hii.

Jioni Durham. Jabali, mto chini, kanisa kuu juu. Mifupa ya Bede ililetwa hapa kutoka Jarrow katika karne ya 11. Jiwe lake jeusi liko kwenye kanisa dogo la Galilaya upande wa magharibi. Aliyekuwepo alipofariki, mwaka 735, aliandika barua tunayo mpaka leo. Inasema Bede alikuwa akitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiingereza hadi saa zake za mwisho, akikariri shairi la mistari mitano kwa lugha ya nyumbani: kabla ya safari isiyoepukika hakuna mwenye hekima kiasi cha kutohitaji kutafakari roho yake itahukumiwa vipi, kwa wema au uovu, baada ya siku ya kufa. Kisha akawagawia mapadri vitu alivyokuwa navyo sandukuni: vitambaa, ubani kidogo, na pilipili manga.

Pilipili manga! Wakati huo ilitoka kusini mwa India. Punje hizo zilisafiri juu ya bahari ile ile iliyonilea, zikapitia mikono sijui mingapi, hadi sanduku la mtawa kwenye matope ya mto Tyne. Nimeligusa jiwe lake kwa vidole viwili.

Siku ya 6, Jumamosi. Ruthwell, Uskoti

Basi nililolikusudia lilikuwa limeshapita. Nimekodi teksi kutoka Annan, mvua inanyesha ubavu ubavu.

Kanisa ni dogo, la kijiji. Msalaba wa Ruthwell, wa karne ya 8, una urefu unaozidi mita 5, na umesimamishwa ndani ya shimo sakafuni. Unapoingia unakutana nao uso kwa uso, mguu wake ukiwa chini yako. Kwenye mbavu zake, katikati ya mizabibu na ndege, zimechongwa runi, na runi hizo ni mistari ya shairi ambalo maandishi yake kamili yako kwenye kitabu kimoja tu, mbali sana, Vercelli, Italia ya kaskazini.

Katika shairi hilo mti ndio unaosimulia. Nilikatwa ukingoni mwa msitu, unasema. Maadui wakanibeba, wakanisimika kilimani. Nikamwona Bwana wa wanadamu akija mbio kwa ujasiri, ataka kunipanda. Shujaa kijana akajivua nguo, naye alikuwa Mungu Mwenyezi. Nilitetemeka aliponikumbatia, lakini sikuthubutu kuinama.

Soma hilo kwa macho ya watu wa ukumbi wa mgawa bangili. Kwao hakuna dhambi kubwa kuliko kumwacha bwana wako auawe ukiwa hai. Na mti huu, mtumishi mwaminifu, umeamriwa na bwana wake mwenyewe usimtetee: usimame wima, uwe ndio chombo cha kifo chake. Wangeweza kuambiwa habari ya msalaba kwa hoja za Kilatini mwaka mzima. Shairi limewaambia kwa jeraha walilokuwa tayari wanalijua.

Msalaba huu ulivunjwa miaka ya 1640, baada ya baraza la Kanisa la Uskoti kuuhesabu kuwa sanamu. Vipande vilikaa kanisani na makaburini kwa vizazi. Mchungaji wa parokia, Henry Duncan, yule aliyeanzisha hapa Ruthwell benki ya akiba ya wanakijiji mwaka 1810, ndiye aliyevikusanya na kuuinua tena. Mwaka 1840 John Mitchell Kemble akafanikiwa kuonyesha kwamba zile runi ni shairi.

Nimetafuta kwa kidole, bila kugusa, mahali penye *Krist wæs on rodi*: Kristo alikuwa msalabani. Mimi si Mkristo, na kisa hicho tumefundishwa vingine. Lakini huzuni ya ule mti imeniingia.

Siku ya 7, Jumapili. Carlisle hadi Exeter

Treni mbili, mvua nchi nzima. Nimesoma, nimelala.

Siku ya 8, Jumatatu. Exeter

Askofu Leofric alifariki mwaka 1072, na katika orodha ya vitabu alivyoliachia kanisa hili kuu kimetajwa *kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye mambo mbalimbali kwa mtindo wa ushairi*. Kiko hapa hadi leo. Nilichokalia mezani ni nakala ya picha, na hata picha zinauma: mikato ya kisu ya mtu aliyekifanya ubao wa kukatia, duara la kikombe, na kurasa za mwisho zilizotobolewa na kitu cha moto.

Humu yumo mzururaji aliyefiwa na bwana wake, anayeota anamwekea kichwa magotini, akiamka ni ndege wa baharini na theluji. *Wyrd bið ful aræd*, anasema. Kadari imekwisha kata shauri. Kisha anauliza: *Hwær cwom mearg? Hwær cwom mago?* Yu wapi farasi? Yu wapi kijana? Yu wapi mgawa tunu? Ziko wapi shangwe za ukumbini? Aliyesoma Al-Inkishafi atalijua swali hilo mara moja, Sayyid Abdalla akiwauliza matajiri wa Pate wamekwenda wapi na nyumba zao zimeachiwa makinda ya popo. Hawakusikiana hao wawili. Kila mmoja alikuwa na magofu yake.

Humu limo pia shairi la mji wa mawe uliobomoka, *kazi ya majitu*, na moto umekula vipande vya shairi lenyewe, hivyo gofu linasimulia gofu. Limo la Deor, malenga aliyefukuzwa kazi, anayetaja taabu za wengine kuanzia Weland yule wa kisanduku, na kila ubeti anafunga kwa kibwagizo: *Þæs ofereode, þisses swa mæg*. Lile lilipita, na hili laweza kupita.

Na vimo vitendawili zaidi ya 90. Kadhaa vinamalizia kwa *saga hwæt ic hatte*, sema naitwaje. Kimoja nimekipenda mno, nikatoka nje kwenye nyasi mbele ya kanisa nikampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Mdudu kala maneno. Mwizi wa gizani kameza wimbo wa mtu, na hekima hakuongeza hata chembe."

"Mchwa," akasema, hata sijavuta pumzi.

Nikamwambia Waingereza wa kale walimsema nondo.

"Nondo, mchwa, sanduku ni lile lile." Akanyamaza. Nikasikia kuku uani kwake, na mtu akiteka maji. Kisha akaanza kughani polepole, beti ya babu ya *Bismillahi* niliyoisikia utotoni nikiwa nusu usingizini, na baada yake ya pili, ambayo sikuwahi kuisikia.

"Bibi, ngoja, ngoja. Nitafute kalamu."

Nimeandika nyuma ya ramani ya Exeter, goti likiwa meza. Tulifika beti ya 11, salio likakatika. Kesho nitampigia kabla ya ndege. Amesema zipo nyingine, ila zinamjia vizuri asubuhi.